Jeneza lisilofunguliwa: uvumi kuhusu maiti wakati wa Ebola, Butembo na Katwa

Kisa chenyewe

Kuanzia mwishoni mwa 2018 hadi katikati ya 2019, katika kanda za afya za Butembo na Katwa, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilisambaa habari moja yenye sura nyingi. Wengine walisema maiti za Ebola zinanyofolewa viungo vikauzwe. Wengine walisema jeneza wanalokabidhiwa ndugu limejazwa mawe. Wengine walisema mtu huingia kituoni na homa ya malaria akatoka amefungwa kwenye mfuko wa maiti. Uchambuzi huu unaufuata uvumi huo mmoja, wa maiti, kwa sababu ndio uliogusa kazi ngumu kuliko zote katika mapambano na Ebola, yaani mazishi. Majina ya marehemu, familia, mitaa na baadhi ya mashirika yaliyohusika yameondolewa.

Hali iliyotangulia

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, magharibi mwa mji wa Beni. Ulikuwa wa kumi kwa Kongo tangu 1976, lakini wa kwanza kwa Kivu Kaskazini. Chanjo zilianza tarehe 8 Agosti. Kwa upande wa tiba na maabara, Kongo ilikuwa na watu wenye uzoefu kuliko karibu nchi yoyote.

Kilichokosekana hakikuwa cha maabara. Tangu Oktoba 2014 raia wa vijiji vya Beni walikuwa wakichinjwa usiku, mamia kwa mamia, huku jeshi la serikali na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa na kambi karibu. Miaka minne ya mazishi ya pamoja haikuwaletea magari mengi. Ebola ilipoingia, magari yalifika kwa misafara, hoteli zikajaa wageni, na kila gari likawa na dereva anayelipwa kwa dola. Mtu wa Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaojua bei ya kila kitu, hakuhitaji kuchochewa na yeyote ili aulize fedha hizi zinatoka wapi na kwa nini zimekuja sasa.

Kisha ikaja siasa. Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Ulikuwa ukanda wa upinzani. Masoko yalikuwa wazi na makanisa yalikuwa yamejaa. Kilichofungwa ni sanduku la kura peke yake. Siku iliyofuata waandamanaji Beni walikivamia kituo cha kupokelea wagonjwa, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia.

Hata kabla ya hapo dalili zilikwisha kuonekana. Utafiti wa Septemba 2018 uliohoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo uligundua kwamba mtu mmoja kati ya wanne hivi hakuamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao. Tena, wasiowaamini viongozi ndio hao hao waliokuwa na uwezekano mdogo wa kukubali chanjo au kwenda kituoni. Takwimu hizo zilipatikana mwezi wa pili wa mlipuko, wakati uliobaki kubadili mwendo ulikuwa mwingi.

Kwa nini mazishi

Mgonjwa wa Ebola anapokufa, virusi mwilini mwake huwa katika kilele, na maiti hubaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku kadhaa. Anayemwosha, anayembusu, anayemvisha, anayekunja shuka alilolalia, wote hao wako hatarini. Nchini Guinea mwaka 2014 ilikadiriwa kwamba asilimia 60 hivi ya maambukizi yalihusiana na mazishi. Kwa hiyo agizo lilikuwa kwamba kila kifo kinachotokea nyumbani au kwenye zahanati katika maeneo yenye mlipuko kichukuliwe kuwa cha kushukiwa: maiti ipimwe kwa kijiti chenye pamba kinachopitishwa mdomoni, izikwe na timu maalumu, na majibu ya maabara yafuate.

Agizo lina mantiki. Lakini tazama maana yake kwa familia. Wengi wa waliozikwa hivyo hawakuwa na Ebola. Bibi wa miaka themanini aliyekufa kwa presha alifungwa mfukoni na watu waliofunika nyuso, akafukiwa bila kuoshwa na binti zake, na baada ya siku mbili majibu yakaja kwamba hakuwa na ugonjwa huo. Wakati mwingine majibu hayakuletwa kabisa. Kwa familia hiyo hakuna aliyeokolewa, ila wamenyang'anywa kilio.

Mambo yalivyokwenda

Utaratibu wa miezi ya mwanzo, katika hali yake mbaya, ulikuwa hivi. Kifo hutokea alfajiri. Nesi au jirani hupiga simu. Timu inasubiri kibali cha usalama, kwa hiyo inafika mchana, pengine jioni. Gari la kwanza lina polisi au askari. Watu wanashuka wakiwa tayari wamevaa mavazi meupe, miwani na barakoa, kwa kuwa wameambiwa wasikawie mtaani. Mmoja amebeba bomba la klorini mgongoni. Wanaingia chumbani peke yao, mlango unafungwa, dakika arobaini zinapita. Wanatoka na mfuko usioonyesha kitu, unawekwa kwenye jeneza, linapigwa misumari. Familia inafuata nyuma kwa miguu au kwa pikipiki.

Aliyesimama uani ameona nini? Wageni wasio na sura, mlango uliofungwa, mfuko usiofunguka, jeneza zito na bunduki. Habari ya viungo na mawe ilijengwa juu ya mambo yaliyoonwa kwa macho, ikaziba pengo la yale yaliyofichwa. Haikuwa ujinga.

Oktoba 2018 timu ya mazishi ilishambuliwa Butembo, na watu wawili wa kujitolea wakajeruhiwa vibaya. Baada ya hapo ulinzi uliongezwa, na kadiri ulinzi ulivyoongezeka ndivyo picha ya uani ilivyozidi kutisha. Familia nyingine zikaanza kuficha vifo: maiti inazikwa usiku, au mgonjwa anahamishwa kwa chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, na pikipiki kwenda kwa ndugu wa kanda nyingine. Kila kifo kilichofichwa kiliacha orodha ya waliomgusa marehemu bila kuandikwa, na chanjo ilitegemea orodha hiyo, kwa maana walichanjwa waliokutana na mgonjwa na wale waliokutana na hao.

Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kituo cha Butembo. Machi, shirika moja la tiba lililokuwa likiendesha vituo hivyo lilieleza hadharani kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vifo vilikuwa vikitokea nje ya vituo, na kwamba katika majuma matatu yaliyotangulia asilimia 43 ya wagonjwa wapya wa Katwa na Butembo hawakuwa na uhusiano unaojulikana na mgonjwa mwingine. Tarehe 19 Aprili daktari mmoja wa magonjwa ya mlipuko, raia wa Cameroon, aliuawa kwa risasi akiwa kikaoni katika hospitali ya Butembo. Mwishoni mwa mwezi huo wagonjwa wapya walizidi 100 kwa wiki.

Maamuzi, na sababu zake

Jibu la kwanza kwa uvumi lilikuwa matangazo. Redio, mabango na magari yenye vipaza sauti yalirudia kwamba Ebola ipo, inaua, njooni kituoni. Mengi yalitungwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu ambacho mama wa sokoni Butembo anakisikia kama lugha ya redio ya mbali. Nyumbani anasema Kinande, na Kiswahili chake ni cha Kongo. Zaidi ya lugha, matangazo yalijibu swali ambalo halikuulizwa. Aliyeuliza kilichomo ndani ya jeneza aliambiwa anawe mikono.

Mageuzi yenye faida yalitoka kwenye daftari la maoni. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wenyeji wa mitaa hiyo, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na kuandika walichosikia: swali, tetesi, lawama, ushauri, shukrani. Maneno yaligawanywa kwa mada na kupelekwa kwenye vikao vya waliosimamia kazi. Kundi la watafiti wa sayansi za jamii liliongeza mahojiano marefu. Zoezi hili linaharibika kirahisi sana. Mwandikaji akiandika kwa ufupi "familia imekataa", kikao hakina cha kufanya. Akiandika sentensi kama ilivyosemwa, kwa lugha ya msemaji, kwamba "hatukumwona uso", kikao kina kazi ya kesho asubuhi.

Na kazi ndiyo iliyofuata. Mifuko isiyoonyesha ilianza kubadilishwa kwa mifuko yenye sehemu angavu usoni, ndugu wakamwona marehemu wao kabla jeneza halijafungwa. Gharama yake haikuwa kitu ukilinganisha na gari moja la kukodi. Kwenye matibabu, shirika jingine lilileta chumba chenye kuta za plastiki angavu, ambamo mgonjwa anahudumiwa kwa mikono inayopita kwenye glavu zilizoshonwa ukutani. Mke aliweza kusimama nje akamwona mumewe akinyweshwa uji.

Mengine hayakuwa mapya. Mwongozo wa mazishi salama na ya heshima uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 ulikwisha kuyasema. Yalikuwa yameachwa kwa haraka na hofu. Utaratibu uliorudishwa, kwa anayetaka kuutumia, ni huu:

Timu inafika ikiwa na nguo za kawaida. Wanne watakaobeba maiti, mpuliziaji mmoja, msimamizi, na msemaji wa timu wote wanaonekana sura na kutaja majina yao. Kabla kifaa chochote hakijashushwa, rambirambi zinatolewa kwa mkubwa wa familia, kwa Kinande ikiwezekana, na kiongozi wa dini anaalikwa. Hapo ndipo msemaji anaeleza hatua zote, ikiwemo kijiti cha mdomoni, na kuuliza: nguo gani avishwe au iwekwe juu yake, kitu gani kizikwe naye, nani achimbe kaburi, sala isomwe wapi. Kwa Mwislamu, tayamamu inaweza kufanywa juu ya mfuko na sanda ikafungwa kwa nje. Ndugu mmoja aliyechaguliwa na familia anavalishwa mavazi ya kujikinga na kuingia chumbani kama shahidi, au anasimama dirishani.

Mavazi yanavaliwa mbele ya watu, kila hatua ikielezwa. Ndani ya mavazi hayo, katika joto, mtu hafanyi kazi salama zaidi ya saa moja. Ndiyo maana mazungumzo yote yamalizwe kabla. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70 inachanganywa siku hiyo hiyo, kwa kuwa jua na joto huiua: gramu 150 kwa ndoo ya lita 20 hutoa asilimia 0.5 ya kupulizia mfuko na sakafu, na gramu 15 kwa lita hizo hizo hutoa asilimia 0.05 ya kunawia mikono. Ndoo hizo mbili zikibadilishana, ngozi inababuka kwa ile kali, na ngozi iliyobabuka inapitisha virusi. Kabla ya kupuliza, wapuliziwaji waelezwe. Mjini Nzérékoré, Guinea, mwezi Agosti 2014, kupuliziwa kwa soko kulizua ghasia kwa sababu watu waliamini ugonjwa umo ndani ya bomba.

Mfuko unafungwa baada ya uso kuonwa. Jeneza linabebwa na familia ikiwa wamevaa glavu na mfuko umekwisha kupuliziwa nje. Kaburi liwe na kina cha mita mbili. Vitu vya marehemu vinavyochomwa, kama godoro, vinaorodheshwa mbele ya ndugu na kulipwa au kubadilishwa, la sivyo habari ya wizi inaanza jioni hiyo hiyo.

Kulikuwa pia na maeneo ambayo timu haikuweza kufika kabisa, kwa sababu ya makundi yenye silaha au kwa sababu wenyeji waliapa haitaingia. Huko uamuzi ulikuwa kufundisha vijana wa kijiji wenyewe na kuwaachia vifaa: mifuko, glavu, mavazi, klorini. Mazishi yao hayakufikia kiwango cha timu kamili, na baadhi ya wataalamu walipinga kwa sababu hiyo. Upingaji huo ulipima mazishi ya kijiji dhidi ya mazishi kamili, hali uchaguzi uliokuwepo ulikuwa kati ya mazishi ya kijiji na maiti kuoshwa kwa mikono mitupu usiku.

Matokeo

Baada ya Aprili 2019 idadi ilianza kushuka polepole, na kufikia miezi ya mwisho ya mwaka huo Butembo na Katwa zilikuwa zimetulia, ingawa mashambulizi yaliendelea kwingine, hasa mkoa jirani wa Ituri. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Haiwezekani kusema mfuko wenye dirisha uliokoa watu wangapi. Chanjo ilifika kwa watu zaidi ya 300,000, na Agosti 2019 ilithibitika kwamba dawa mbili za kingamwili zilipunguza vifo hadi takriban theluthi moja ya waliotibiwa, kutoka nusu kwa dawa iliyolinganishwa nazo. Mambo hayo yalienda pamoja. Lakini chanjo inamhitaji mtu anayekubali kutaja waliomgusa marehemu, na dawa inamhitaji mgonjwa anayefika mapema.

Uchambuzi

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuusoma uvumi kama maelezo ya kazi yako inavyoonekana kutoka uani. "Jeneza lina mawe" ilimaanisha kwamba jeneza halikufunguliwa. "Wanaingia na malaria wanatoka wafu" ilikuwa na ukweli mchungu ndani yake: mwanzoni wengi walifika wakiwa wamechelewa, na baadhi waliambukizwa Ebola kwenye zahanati walikoenda kutibiwa malaria. Kila tetesi iliyojibiwa kwa kubadili kitendo ilipungua nguvu. Iliyojibiwa kwa tangazo ilihamia mtaa mwingine.

La pili ni majibu ya maabara, na hapa kisa hiki kilishindwa kwa muda mrefu mno. Kama unawalazimisha watu wote wazikwe kwa namna ya dharura, basi unawiwa nao majibu. Yapelekwe kwa miguu, na mtu yule yule aliyetoa rambirambi, haraka iwezekanavyo, hasa yakionyesha kwamba marehemu hakuwa na Ebola. Kazi hiyo inahitaji mtu mmoja kwa kila timu na pikipiki. Ilipokosekana, kila mazishi ya asiye na Ebola yaliongeza ukoo mmoja wenye kinyongo.

Ulinzi wa silaha ni suala gumu zaidi, na hatudai kuwa una jibu jepesi. Watu waliuawa kweli. Lakini askari wale wale ndio walioshutumiwa na wenyeji kwamba hawakuzuia mauaji ya 2014 na yaliyofuata, na familia iliyofiwa haiwezi kutenganisha bunduki iliyoko mlangoni na mfuko unaotoka ndani. Pale ambapo mkuu wa mtaa, mchungaji na viongozi wa vijana walitangulia siku moja kabla, timu ziliweza kuingia bila msafara. Pale ambapo hawakushirikishwa, idadi ya askari haikutosha kamwe.

Kuhusu fedha, mapambano haya yaliacha jeraha ambalo mawasiliano mazuri hayangeliponya. Wenyeji waliita "biashara ya Ebola", na wakuu wengi wakaorodhesha maneno hayo miongoni mwa tetesi za kukanushwa. Machi 2020 aliyekuwa waziri wa afya, ambaye alikana mashtaka, alihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Septemba 2021 tume huru iliyochunguza malalamiko ya wanawake, kwamba kazi zilitolewa kwa kudaiwa ngono, ilitambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo daftari la maoni lisiwe na safu ya "uvumi" peke yake. Liwe na safu ya "shutuma", yenye njia yake ya siri, inayokwenda kwa mtu asiye bosi wa anayeshutumiwa, na yenye tarehe ambayo mlalamikaji lazima ajibiwe. Ukimwandikia mwanamke aliyedhulumiwa kwamba anaeneza taarifa potofu, hatakuambia tena kitu, hata habari ya maiti iliyozikwa usiku kwa jirani.

Na kulikuwa na surua. Wakati macho yote yako kwa Ebola, Kongo ilipoteza watu zaidi ya 6,000 kwa surua kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2020, wengi wao watoto. Watu wa Butembo waliuliza kwa nini ugonjwa unaoweza kuvuka mipaka unapata mabilioni, na ule unaoua watoto wao unapata mabaki. Swali hilo liliandikwa kwenye daftari la maoni mara nyingi. Hakuna mfuko wenye dirisha unaolijibu.

Februari 2021 Ebola ilirudi kwenye viunga vya Butembo. Safari hii kazi iliongozwa zaidi na wahudumu wa afya wa huko huko, wengi wakiwa wamejifunza kwenye mlipuko uliopita, na wakaweza kutoa salamu za rambirambi bila mkalimani. Ulitangazwa kumalizika tarehe 3 Mei mwaka huo, ukiwa na wagonjwa 12 na vifo sita.